Lakiri kwenye Pampu

Akullo aliijua Kampala kwa barabara zake tambarare. Wengine wanaujua mji huu kwa makanisa, kwa masoko, kwa baa. Yeye aliujua kwa mahali ambapo gari halihitaji kupanda. Na yeyote aliyewahi kutia mguu Kampala atakwambia barabara za namna hiyo zinahesabika. Ukimkodi Akullo akubebee magodoro kutoka Kikuubo mpaka Makindye, atakuzungusha wee, akupitishe bondeni, akupitishe kando ya mfereji, akutokeze mahali hukujua kama pana njia, yote hiyo kukwepa kilima kimoja tu. Wateja walidhani ana wazimu. Hakuwa na wazimu wowote. Alikuwa na pikapu isiyopanda.

Pikapu yenyewe ilikuwa ya dizeli, ya zamani, buluu iliyopauka, mali ya marehemu mume wake, Sajenti Otim. Otim alikuwa fundi mkuu katika karakana ya idara moja ya serikali, ya watu wa sare, na mwaka 1998 idara ilipopiga mnada magari yaliyoandikwa kuwa yamekufa, akainunua hiyo. Tangu siku ya kwanza ilikuwa goigoi. Kwenye tambarare inakwenda vizuri, injini inanguruma taratibu, huna la kuilaumu. Ikiona kilima tu, basi. Gia ya nne inakataa, ya tatu inakataa, ya pili inalalamika, unamalizia na ya kwanza huku wanafunzi wanakupita kwa miguu na mabegi yao mgongoni. Otim alikuwa akisema, "Mzee huyu, mumheshimu," na watu wakacheka. Miaka tisa aliiendesha hivyo hivyo, mpaka ini lilipomuua mwaka 2007, na usukani ukabaki kwa Akullo.

Sasa ulikuwa mwaka 2009, na kilima cha Mbuya kilikuwa kimemkaba koo.

Mambo yalikuwa hivi. Nabangala, mama wa saruji na mabati pale Kikuubo, alikuwa amepata kazi ya kupeleka saruji kwenye jengo la ghorofa lililokuwa linajengwa juu kabisa Mbuya. Kazi ya miezi sita, kila siku. Alitaka pikapu moja ya kudumu, na alimtaka Akullo kwa sababu Akullo hanywi na mifuko haimpotei njiani. Ila pikapu ya kwanza aliyoikodi ilikuwa imezimika katikati ya kilima, ikarudi kinyumenyume, ikaenda kukalia kibanda cha ndizi. Kwa hiyo akaweka sharti.

"Ijumaa saa nne," alisema Nabangala. "Mifuko ishirini. Ukifika juu bila kusimama, kazi yako. Ukisimama hata kukohoa tu, nyabo, tusilaumiane."

Na msidhani Akullo aliitaka kazi hiyo kwa ajili ya tumbo lake. Tumbo lake lilikuwa limeshazoea. Aliitaka kwa ajili ya Otim. Alipokufa, kwao Kitgum watu walikuwa bado wamejazana kambini kwa sababu ya vita. Walimpeleka, wakamfukia mchana mmoja, wakarudi kambini kabla jua halijazama. Guru lyel hakufanyiwa, yaani ile karamu ya kufunga msiba, ambapo ng'ombe anachinjwa, ngoma zinapigwa, na marehemu anaagwa na watu wote ili naye apumzike. Sasa kambi zilikuwa zimevunjwa, watu wamerudi kwenye viwanja vyao, na kila ukoo ulikuwa unawamalizia wafu wake. Ukoo wa Otim ulikuwa bado. Odoch, mdogo wake Otim, alikuwa ameshuka kutoka Kitgum na siku nne alikuwa analala sebuleni kwa Akullo, anasubiri kupewa tarehe.

"Mke wetu," alikuwa akimwambia kila asubuhi mbele ya kikombe cha chai, "nyumba zote zimeshafanya. Tumebaki sisi."

"Atafanyiwa," Akullo alimjibu. "Na atafanyiwa kuliko wao wote."

Alimaanisha. Alimpenda yule mwanamume, niseme wazi. Alimpenda kwa ukimya wake, kwa mikono yake iliyonuka grisi hata siku ya Jumapili, kwa jinsi ambavyo katika karakana nzima ya wezi yeye peke yake alirudi nyumbani mikono mitupu. Mjane anayejivunia mume wake hutembea tofauti, na Akullo alitembea hivyo kwa miaka miwili.

Jumanne aliipeleka pikapu kwa Odero.

Odero alikuwa Mkenya, mtu wa Siaya, aliyekuja Kampala kwa mwezi mmoja na sasa ulikuwa mwaka wa kumi na tano. Gereji yake ilikuwa uwanja uliozungushiwa mabati pale Kisugu, na sifa yake ilikuwa moja: hafungui kitu kabla hajauliza. Mafundi watatu kabla yake walikuwa wameinua boneti, wakasikiliza dakika moja, wakasema, "Injini hii ishushwe." Odero aliinua boneti, akaifunga, akavuta kigoda.

"Mama Abalo, ilianza lini?"

"Tangu tumeinunua."

"Haikuwahi kupanda? Hata siku moja?"

"Hata siku moja." Akullo akaendelea kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, kwa sababu ndivyo alivyokuwa amejifundisha kulisema. "Mwaka 2001 nilikuwa na mimba ya pili, baada ya Abalo. Kitovu kilitangulia. Otim akanipakia humu, mchana, jua kali. Hospitali iko juu ya kilima. Tulipanda na gia ya kwanza, tukakaa kwenye kile kilima zaidi ya nusu saa. Mtoto alikuwa msichana. Tulimwita Anena. Daktari alisema tungewahi hata robo saa tu..." Akapangusa vumbi kwenye taa ya pikapu kwa upindo wa leso. "Ilikuwa bahati mbaya. Gari ndiyo hii."

Odero alisema pole, na akaisema vizuri. Kisha akainuka.

"Kitu kimoja," Akullo akamwahi. "Gusa vyote. Hii usiguse." Akainua boneti mwenyewe, akamwonyesha pampu ya dizeli. Nyuma ya pampu palikuwa na kifuniko kidogo, na juu ya kifuniko waya mwembamba uliosokotwa na kubanwa kwa tone la madini ya risasi, na kwenye risasi imepigwa namba 14. "Hii ni lakiri ya Otim. Kule karakana kwao kila fundi alikuwa na koleo lake na namba yake. Akishaipiga lakiri amekula kiapo kwamba humu ndani pako sawa. Aliniambia, anayekata lakiri ya mtu ni mwizi. Wenzako watatu wangeikata wakishusha injini, ndiyo maana nimewafukuza."

Odero aliinama akaisoma ile namba.

"Sawa, mama," akasema. "Tutaanza mbali nayo."

Akaanza mbali kweli. Kwanza alimweka Akullo ndani, akamwambia akanyage mafuta mpaka sakafuni, yeye akachungulia kwenye injini kuona kama mkono wa pampu unafika mwisho. Unafika. Akainua magurudumu kwa jeki, moja moja, akayazungusha kwa mkono kuona kama breki zinang'ang'ania. Yakazunguka bure. Akatia gia ya nne, akavuta breki ya mkono, akaachia klachi. Injini ikazimika hapo hapo, maana yake klachi inashika, haitelezi. Akatoa chujio la hewa, akaiwasha bila chujio. Kitu kile kile. Akafungua ekzosi pale inapoungana na injini, mtaa mzima wa Kisugu ukaziba masikio na mama mmoja muuza chapati akamtukania ukoo wake hadi babu wa tatu. Wakapanda nayo ule mwinuko wa kwenda Muyenga ikipiga kelele kama kinu cha kusaga, na bado ikaishia gia ya kwanza.

"Basi haikosi pumzi," alisema Odero, akaifunga tena ekzosi huku amejipaka masizi mpaka masikioni.

Jumatano akaja kwenye mafuta. Labda tangi lina uchafu, labda mpira umepasuka unavuta hewa. Akaliacha tangi kabisa: akaning'iniza kopo la dizeli safi juu ya boneti, akaleta mpira mpya unaoonyesha ndani, akaupeleka moja kwa moja kwenye pampu kupitia chujio jipya. Wakapanda tena Muyenga, kopo linaning'inia, Odero amekaa na nusu ya mwili nje ya dirisha akitazama mpira. Hakukuwa na povu hata moja. Na pikapu ikagoma pale pale, mbele ya duka la dawa, kama siku zote.

"Umeona moshi?" Odero aliuliza.

Akullo akatazama kwenye kioo. "Sijaona moshi."

"Hiyo ndiyo inaninyima usingizi. Injini ikikosa hewa, inatoa moshi mweusi. Ikichoka ndani, inatoa wa buluu. Hii yako imekanyagwa mpaka mwisho, inahangaika kilimani, na nyuma safi kama kanisani. Na asubuhi inawaka mara moja, ikiwa moto inawaka mara moja. Mama Abalo, hii gari haiumwi. Imeshindishwa njaa. Ni kama mtu anayelima tangu alfajiri na hajapewa chakula."

"Nani hajampa?"

Odero alikuwa amesharudi chini ya boneti, anachungulia zile alama. Kwani kila mahali Otim alipopita aliacha alama: kabla hajalegeza nati yoyote ya kurekebishia, alichora mkwaruzo kwa tupa ya pembetatu, mmoja kwenye nati na mmoja kwenye chuma pembeni yake, ikiwa imetazamana, ili siku akitaka kuirudisha ilipokuwa ajue pa kusimama. Akullo aliijua tabia hiyo. Hata kitanda chao kilikuwa na mikwaruzo. Hata cherehani yake.

"Huyu mtu alikuwa fundi," Odero alisema, na Akullo akaona fahari ikimpanda kifuani. "Haki ya Mungu, sijaona kazi safi hivi. Muda wa pampu kusukuma mafuta upo kwenye alama yake. Kila kitu kipo kwenye alama."

Alhamisi jioni hapakuwa na kitu kilichobaki isipokuwa kile kifuniko.

"Hapana," Akullo alisema kabla Odero hajafungua mdomo.

"Mama, sikia. Nyuma ya hiyo lakiri kuna skrubu. Skrubu hiyo ndiyo inasema injini ipewe mafuta kiasi gani. Kazi yangu imeisha. Nimepiga hodi milango yote, imebaki huo mmoja."

"Otim aliufunga. Otim alikuwa anajua kuliko wewe."

"Alikuwa anajua kuliko mimi," Odero akakubali. "Ndiyo maana nataka kuona."

Akullo akachukua ufunguo wake, akaondoka na pikapu. Usiku ule, mbele ya sahani ya mboga ya malakwang, alimweleza Odoch yote, na Odoch aliyekuwa mtu wa maneno machache kama kaka yake akaweka tonge chini.

"Usikate," alisema. "Kazi ikipotea, ipotee. Tutachinja mbuzi badala ya ng'ombe."

"Mbuzi? Kwa Otim?"

"Usikate lakiri ya kaka yangu, mke wetu. Nakuomba."

Akullo akaguswa. Akaona, kumbe mdogo mtu naye anailinda heshima ya marehemu. Akalala akiwa ameamua kuiacha. Lakini asubuhi alipoamka alimfikiria Otim akiagwa kwa mbuzi mmoja mkondefu, na watu wa ukoo wakinong'ona kwamba mjane wa mjini ameshindwa, na moyo ukakataa. Nitamwomba radhi, alijisemea akifunga kilemba. Siku ya guru lyel nitapiga magoti kaburini, nitamwambia nilikata lakiri yako kwa ajili yako. Saa moja na nusu alikuwa Kisugu, na Odoch amekaa kando yake kwenye kiti cha mbele, maana alikataa kubaki nyumbani.

"Kata," alimwambia Odero.

Odero alikata waya, akamkabidhi ile risasi mkononi. Akafungua kifuniko, akasafisha kwa tambara lenye dizeli, akainama.

"Njoo uone, mama."

Akullo akainama. Ilikuwa skrubu ndogo, si kubwa kuliko kidole chake cha mwisho. Kwenye skrubu palikuwa na mkwaruzo wa tupa ya pembetatu. Kwenye chuma pembeni palikuwa na mkwaruzo mwingine wa tupa ya pembetatu. Haikutazamana. Mmoja ulikuwa umegeukia injini na mwingine umegeukia mlango.

"Imelegea yenyewe?" aliuliza, na alijua ni swali la kijinga.

"Nati imekazwa. Halafu ikapigwa lakiri juu." Odero alifuta mikono ambayo ilikuwa imeshafutika. "Mama Abalo, sitaki kumsema mtu aliyelala. Lakini haya mambo hata kwetu yapo. Gari zima linarudishwa skrubu nyuma, mafuta yanapungua, linakosa nguvu, fundi mkuu anaandika limekufa, linapigwa mnada kwa bei ya chuma chakavu. Anayejua ndiye anayenunua."

"Fundi mkuu alikuwa yeye."

"Ndiyo, mama."

Odoch alikuwa anatazama mabati ya uzio.

Niwaambie kitu kuhusu Akullo: wizi angeusamehe. Alisimama pale na ile risasi kiganjani, na ndani ya dakika mbili alikuwa ameshaanza kumtetea. Mshahara ulikuwa unachelewa miezi mitatu. Wakubwa walichukua magari mazima, yeye kachukua moja, tena la zamani. Alikuwa na mke, alikuwa na mtoto. Haya, alikuwa mwizi kama wengine. Aliniongopea, alijisemea, nitagombana naye tukikutana huko. Mpaka hapo bado alikuwa mume wake.

"Irudishe," alisema.

Odero alilegeza nati, akaingiza bisibisi, akazungusha. Mzunguko mmoja na robo hivi. Mikwaruzo miwili ikakutana, ikawa mstari mmoja. Akakaza, akaiwasha, akapunguza mlio wa injini kidogo, akamwambia Akullo apande akanyage. Injini ikajibu kwa sauti ambayo Akullo hakuwahi kuisikia kwa miaka kumi na moja, na nyuma ukatoka moshi mweusi kidogo, kisha ukakatika.

"Imekula," alisema Odero, na hakutabasamu.

Kazi nzima, tangu kukata waya mpaka kufunga kifuniko, ilichukua muda wa kunywa soda moja.

Saa nne walikuwa chini ya kilima cha Mbuya. Vijana wa Nabangala wakapakia mifuko ishirini, Nabangala mwenyewe akahesabu kwa kidole, Odero akapanda juu ya saruji na simu yake mkononi apime muda, Odoch akakaa pale pale kwenye kiti cha mbele. Akullo akatia gia ya kwanza kwa mazoea, akaanza kuinama mbele kama alivyozoea, kana kwamba kifua chake ndicho kinachosukuma. Pikapu ikaondoka. Akatia ya pili, nayo ikaenda. Alisubiri ikatae. Badala yake injini ilikuwa inaomba gia nyingine, na mkono wake ukaitia ya tatu bila kumwuliza, na kilima cha Mbuya kikaanza kushuka pembeni ya madirisha: kibanda cha ndizi, duka la simu, ukuta mrefu wenye miba ya waya.

Hapo ndipo alipomwona yule mtu wa jerikani.

Si kwamba alikuwepo pale Mbuya. Alikuwepo mwaka 2001. Alikuwa mwanamume aliyebeba jerikani la maji kichwani, akipanda kile kilima cha hospitali kwa miguu, na tangu chini mpaka juu alikuwa sambamba na dirisha lao. Hakuipita pikapu, wala pikapu haikumpita. Kila Akullo alipofumbua macho kati ya uchungu na uchungu alimkuta hapo, anachungulia ndani kwa huruma, maji yanamdondokea begani. Na Otim kwenye usukani anatokwa jasho, anapigapiga dashibodi kwa kiganja, anasema, "Imechoka, mama, imechoka, vumilia." Bisibisi ilikuwa wapi siku hiyo? Ilikuwa chini ya kiti. Siku zote ilikuwa chini ya kiti. Mtu angeweza kusimama chini ya kilima, akainua boneti, akakata kiwaya. Muda wa soda moja.

"Dakika tatu!" Odero alipiga kelele juu ya mifuko. "Dakika tatu na sekunde kidogo!"

Walikuwa wamefika. Wajenzi walikuja kupakua, na Nabangala akafika nyuma yao kwa bodaboda, kilemba kimemwenda upande, anacheka. "Jumatatu saa moja kamili," akasema dirishani. "Kumbe ulikuwa unanificha mashine!" Akullo akamjibu ndiyo, asante, Jumatatu. Mikono yake yote miwili ilikuwa bado kwenye usukani.

Nabangala alipokwenda kugombana na wajenzi, Akullo alisema bila kugeuka, "Ulijua."

Odoch hakujifanya hakusikia. "Aliniambia."

"Lini?"

"Zamani. Alipoinunua. Alisema anasubiri kwanza watu wasahau. Wenzake wangeiona inakimbia wangejua aliandika uongo, wangemfukuza bila pensheni. Alisema pensheni ikitoka tu ataifungua."

"Pensheni ilitoka mwaka 2004. Nilikwenda naye benki."

Odoch akasugua magoti yake.

"Sema, Odoch."

"Wakati huo mtoto alikuwa ameshaondoka," alisema Odoch. "Aliniambia, nikiifungua sasa, Akullo ataona inapanda. Ataniuliza kwa nini leo inapanda. Nitamjibu nini?"

Akullo alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, na mjenzi mmoja aligeuka kutazama. Kwa sababu alikuwa anawaza, na hesabu ilikuwa rahisi sana: tangu Anena alipozikwa mpaka Otim alipokufa ilikuwa miaka sita, na miaka yote hiyo kila pikapu ilipogoma kilimani ni yeye, Akullo, aliyeshuka kusukuma. Amesukuma na magunia ya mkaa nyuma. Amesukuma kwenye matope, bega limechubuka, viatu mkononi, na yule mwanamume amekaa kwenye usukani anatoa kichwa dirishani, anamwambia, "Kidogo tu, mama, kidogo tu." Na jioni anamkanda bega kwa maji ya moto. Alikuwa anamkanda vizuri. Afadhali asingemkanda, mbwa yule.

"Shuka," alisema.

"Mke wetu..."

"Shuka kwenye gari, Odoch. Basi la Kitgum lipo mpaka saa saba."

Odoch akashuka, lakini akabaki ameshika mlango. Macho yake yalikuwa mekundu. Haikuwa rahisi kwake pia, hilo nalo nilitaje. "Na guru lyel? Kazi si umepata? Ng'ombe si sasa atapatikana?"

"Fanyeni. Ni mtu wenu. Chinjeni, pigeni ngoma, mumuage mpaka achoke. Mimi sitapika, sitakaa kwenye mkeka wa wajane, na chozi langu hatalipata tena."

"Mjane asipokuwepo, watu watauliza."

"Wakiuliza, waambie. Waambie yote, kuanzia skrubu mpaka Anena. Ukiona aibu kusema, waelekeze kwangu, mimi nina mdomo."

Odoch hakuwaambia. Wale watu hawasemi. Walisubiri mpaka Desemba, wakauza mbuzi, wakachanga, wakapata ng'ombe mmoja, na tarehe ikatangazwa hata redioni. Abalo, binti mkubwa aliyekuwa anasomea ualimu Gulu, alimpigia mama yake simu akilia, akimwuliza ni kosa gani baba alifanya kaburini. Akullo akamwambia njoo Krismasi tutaongea, na wewe nenda kamuage baba yako, usinifuate mimi. Ukoo ukasema mjane ameota mabawa kwa pesa za saruji. Ukasema ana mwanamume Mkenya mwenye gereji. Maneno hayo yote yalimfikia, na hakuyajibu hata moja.

Siku yenyewe ya guru lyel ilikuwa Jumamosi. Nabangala alimwambia apumzike kama ana shughuli ya kwao, naye akasema hana. Alipakia mifuko ishirini na mitano badala ya ishirini, akapanda Mbuya mara nne, gia ya tatu, hakuna aliyempita kwa miguu. Hakuna aliyekuwa anampima tena, lakini kila alipofika juu alitazama saa ya mkononi. Dakika tatu. Mara ya pili na ya tatu, dakika tatu tena. Mara ya nne, alikuwa nyuma ya lori, ikawa nne. Kila mara alibaki kidogo kwenye kiti, akamlilia Anena, akajifuta uso kwa leso ile ile yenye vumbi la saruji, kisha akashuka kuwafungulia wapakuzi mlango wa nyuma.